Mkopo Unaolipwa na Bili ya Umeme

Mwishoni mwa mwaka 1973, nchi za Kiarabu zilipoinyima Marekani mafuta, Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya kudhibiti bei. Mafuta yaliyohesabiwa kuwa ya zamani yaliwekewa bei ya chini. Yale mapya yaliruhusiwa kuuzwa ghali zaidi. Tofauti hiyo ilizaa kishawishi. Serikali iliishtaki kampuni ya Exxon kwa kuyauza mafuta ya zamani ya eneo la Hawkins, mashariki mwa Texas, kana kwamba ni mapya. Mwaka 1983 mahakama iliamua kwamba wanunuzi walitozwa kupita kiasi. Rufaa zilipokwisha, mwaka 1986, kampuni ililipa takriban dola bilioni 2.1, riba ikiwa ndani yake.

Swali gumu likabaki: fedha hizo arudishiwe nani? Aliyeumia alikuwa dereva, mkulima, shule na hospitali, na hakuna aliyetunza risiti za miaka yote hiyo. Kwa kuwa waliodhulumiwa hawakuweza kutambuliwa mmoja mmoja, mahakama iliagiza fedha zigawiwe majimbo, nayo yazitumie katika programu za nishati zenye kuwanufaisha wananchi.

Texas ingeweza kugawa ruzuku na kuimaliza sehemu yake katika miaka michache. Badala yake, mwaka 1988, ilianzisha mfuko wa mzunguko ulioitwa LoanSTAR, wenye mtaji wa dola milioni 98.6. Mfuko huo ulizikopesha ofisi za jimbo, shule, vyuo vikuu, hospitali za umma na serikali za mitaa. Kwanza wahandisi hukagua jengo na kukadiria kiasi kitakachookolewa. Kisha hutolewa mkopo wa riba nafuu wa kubadilisha taa, mota au mitambo ya kupoza hewa. Taasisi hulipa deni kwa fedha ambazo zingekwenda kwenye umeme na gesi. Deni likilipwa, fedha hukopeshwa taasisi nyingine.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Waasisi wa mfuko huu walilielewa jambo hilo, kwa maana umeme uliookolewa hauonekani kwa macho: ni umeme ambao haukutumika. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Texas A&M walifunga mita katika majengo mengi na kusoma matumizi saa kwa saa, kabla na baada ya ukarabati. Takwimu hizo zilifichua jambo ambalo halikutarajiwa. Yapo majengo ambayo mitambo yake ilipasha joto na kupoza hewa kwa wakati mmoja, na mengine ambayo feni zilizunguka usiku kucha ofisi zikiwa tupu. Upotevu wa namna hiyo uliweza kupunguzwa kwa kurekebisha uendeshaji tu, pasipo kununua mtambo mpya.

Hata hivyo, tusiisifu historia hii bila kuihoji. Mkopo humfaa zaidi mwenye bili kubwa, kwani ndiye mwenye kingi cha kuokoa, na ndiye mwenye wahandisi wa kuandaa maombi. Mama wa kipato kidogo aliyelipia mafuta kwa bei isiyo halali hakurudishiwa kitu mkononi na mfuko huu. Fungu lake alilipata kwa njia ya mzunguko, kupitia shule ya mwanawe au hospitali ya umma. Hiyo ni haki, lakini ni haki ya mbali.

Kwa mtumishi wa umma, somo kuu limo katika kanuni moja ya bajeti. Idara inayopunguza bili yake ya umeme, kisha ikapunguziwa fungu lake mwaka unaofuata, haina sababu ya kuokoa tena. Mkopo wa aina hii husimama pale tu ambapo akiba inaachiwa taasisi iliyoipata hadi deni liishe. Kabla ya kudai mtaji, basi, tuulize mambo mawili: mita itasomwa na nani, na akiba itabaki mikononi mwa nani? Fedha za Texas zilitokana na dhuluma, na zikaendelea kuzunguka kwa sababu maswali hayo yalipewa majibu mapema.