Paa Bila Kuta

Sisi watu wa Ufipa hatukuzoea kukaa ndani mchana. Kwa wazee wetu nyumba ilikuwa mahali pa kulala, pa kuweka nafaka na pa kujikinga na baridi. Mambo yenye uzito, kama vile posa, msiba, ugomvi wa mipaka ya mashamba na usuluhishi wa mume na mke, yalikuwa mambo ya uani. Nilipokuwa mwalimu kijana niliihesabu desturi hiyo kuwa dalili ya umaskini. Niliamini kwamba siku tutakapopata sebule zenye makochi na vioo madirishani, tutaacha kukaa chini ya miti kama kuku. Leo nimevuka miaka sabini, sebule ya namna hiyo ninayo, na ndiyo iliyonifundisha kwamba nilikosea.

Maradhi yanayosafiri kwa pumzi si wageni katika nchi hii. Tarehe 25 Novemba, 1918, Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck wa jeshi la Wajerumani alisalimisha silaha zake Abercorn, mji ambao leo huitwa Mbala, ng'ambo kidogo tu ya mpaka wetu na Zambia. Askari wake, zaidi ya elfu moja, pamoja na wapagazi wao, walipitishwa Kasanga, kwenye mwambao wetu wa Ziwa Tanganyika, wakapandishwa meli hadi Kigoma. Vita ilikuwa imekwisha, lakini homa kubwa ya mafua iliyokuwa ikizunguka dunia iliwakuta hao hao waliookoka risasi, na wengi walikufa wakiwa wamekwisha kuhesabiwa kuwa wazima. Wataalamu wengi hukadiria kwamba homa ile iliua watu wapatao milioni 50 duniani.

Bibi yangu mzaa baba alikuwa msichana wakati huo. Hakujua jina la ugonjwa wala la jenerali. Alichokumbuka ni nyumba: mlango mmoja, dirisha hakuna, moto katikati, na watu wote wamelala kuuzunguka. "Akianza mmoja kukohoa," alikuwa akisema, "asubuhi ilikuwa zamu ya wote." Nilimsikiliza kama mtoto anavyosikiliza ngano.

Chuoni, nilipojifunza ualimu, tulielezwa habari za shule ya Charlottenburg, karibu na Berlin, iliyofunguliwa mwaka 1904 msituni, ili watoto dhaifu, ambao kifua kikuu kilihofiwa kuwapata, wasome nje. Tulicheka. Wenzangu na mimi tulikuwa tumesoma nje tangu darasa la kwanza, na hakuna Mzungu aliyetuita wataalamu.

Halafu mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili nchini walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Kikundi changu kilikaa chini ya mkaratusi nyuma ya shule. Tulikaa hapo kwa sababu redio ilikuwa moja na darasa lilikuwa dogo. Kwa hiyo, ndugu msomaji, mara tatu maishani mwangu niliambiwa jambo lile lile, na mara zote tatu nililipita kama mtu anavyopita jiwe la njiani.

Tarehe 16 Machi, 2020, ilitangazwa kwamba mgonjwa wa kwanza wa korona nchini amepatikana Arusha. Kesho yake Waziri Mkuu akatangaza kufungwa kwa shule. Nyumba za ibada hazikufungwa, masoko hayakufungwa, na kufikia Mei takwimu za taifa zikawa zimesimama kwenye wagonjwa 509. Tangu hapo kila mwenye nyumba alibaki kuwa waziri wa afya wa ua wake. Nami, kwa tabia ya walimu wakuu wastaafu, niliupenda wadhifa huo.

Niliweka taratibu. Mgeni hakuvuka ua kabla ya kunawa; ndoo ya koki na sabuni ya mche vilikaa langoni. Kupeana mikono kulikoma, na hilo halikutusumbua, maana salamu ya Mfipa ni kuinama na kupiga makofi taratibu, na mtu anaweza kukuheshimu vizuri kabisa akiwa hatua tano mbali nawe. Mabenchi niliyapanga kwa familia: waliolala nyumba moja walikaa pamoja, kisha hatua mbili, kisha familia nyingine. Chakula kilipakuliwa na mtu mmoja. Lililokuwa gumu ni kimpumu, pombe yetu ya ulezi, ambayo raha yake ni chungu kimoja na mrija unaopokezanwa. Niliamuru kila mtu aje na kikombe chake. Mzee mmoja aliniambia kwamba huko si kunywa pombe, ni kumeza dawa. Lakini alikuja na kikombe. Mwezi Juni na Julai, baridi yetu inapouma, kila kundi lilipewa jiko la mkaa, na tuliagana kabla jua halijazama, kwa sababu giza na baridi ndivyo vinavyowasukuma watu ndani. Kwa mwaka mzima tulikutana hivyo, na hakuna aliyeugua baada ya kukutana kwangu. Nikaanza kujisifu.

Februari 2021 wimbi la pili lilikuwa limeingia nchini. Tarehe 17 ya mwezi huo Maalim Seif Sharif Hamad alifariki, na chama chake kilikuwa kimekwisha kutangaza kwamba aliugua ugonjwa huo. Siku chache kabla ya habari hiyo kutufikia, nilipokea posa nyumbani kwangu. Wageni walikuwa wanane kutoka Laela, sisi wenyeji kumi na wanne. Binti aliyekuwa akiposwa ni mjukuu wa dada yangu mkubwa, aliyenilea baada ya mama yetu kufariki. Kila kitu kilikuwa mahali pake: ndoo, mabenchi, vikombe. Nilichosahau ni kwamba Februari ni masika.

Wingu lilitoka upande wa milima ya Mbizi, na kabla mshenga hajamaliza maneno yake matone makubwa yakaanza. Nilisitasita. Dada akanitazama kama alivyokuwa akinitazama nikiwa mtoto. "Mdogo wangu," alisema, "watu hawaposi mvuani. Fungua nyumba."

Nikafungua. Sebule yangu ni hatua tano kwa nne, na tuliingia watu 22. Mvua ilikuwa ikipiga madirishani, nikafunga vioo vyangu nilivyojivunia. Tulikaa humo saa tatu. Mahari yalikubaliwa, nyimbo ziliimbwa, chakula kililiwa magotini. Ilikuwa posa nzuri sana.

Siku ya tano mshenga alipiga simu kutoka Laela akieleza kwa mshangao kwamba amekaa jikoni na hasikii harufu ya moshi. Siku ya saba dada alianza kukohoa. Tulimfukiza kwa nyungu chini ya mablanketi, chumba kimefungwa, nami nimekaa pembeni yake nikimshika mkono. Siku ya kumi na tatu alifariki. Hakupimwa. Cheti kinasema homa ya mapafu, na sina ushahidi wa kusema zaidi ya cheti. Lakini sina pia ujasiri wa kusema pungufu.

Watoto wake hawakunilaumu. Mkubwa wao alinifariji kwa kusema, "Mjomba, mvua ni ya Mungu." Ni kweli. Lakini turubai ni la mwanadamu. Lingeweza kuazimwa kwa jirani, likafungwa kwenye miti minne, na posa ingeendelea nje. Niliyafikiria mabenchi na hatua na vikombe, sikufikiria paa.

Mwishoni mwa Aprili mwaka huo Shirika la Afya Duniani liliandika wazi kwamba virusi hivi huweza kuelea hewani na kusafiri mbali katika vyumba vilivyojaa watu na visivyopitisha hewa. Niliposoma maneno hayo nilimkumbuka bibi, na nyumba yake ya mlango mmoja. Tofauti ya nyumba ile na sebule yangu ilikuwa kochi na kioo tu. Chanjo ilipozinduliwa nchini tarehe 28 Julai, 2021, nilichanjwa mara ilipofika kwetu, kisha nikaanza kujenga.

Wenzetu Wabemba wa Zambia wana banda la kukutania wanaloliita insaka: nguzo, paa la nyasi, kuta hakuna. Nilijenga la namna hiyo uani kabla ya mvua za mwisho wa mwaka. Nguzo ni za mkaratusi. Paa ni la nyasi, kwa sababu mvua juu ya bati haiwaachi watu kuzungumza. Majirani waliniuliza nitaziba lini ubavuni. Niliwajibu kwamba limekwisha.

Februari 2022 tulikutana humo kwa kumbukumbu ya mwaka mmoja wa dada. Mjukuu wake alikuja na mumewe, na mshenga akaja kutoka Laela. Katikati ya sala mvua ilishuka, kubwa kama ile ya kwanza. Niliona watu wawili watatu wakigeuza macho kuelekea mlango wa nyumba yangu. Upepo ulipita kati yetu, ukaturushia manyunyu miguuni. Hakuna aliyesimama.