Misheni na Jina la Mahali

Mutuka, kata ya mji wa Babati, haina mtakatifu wala mfalme katika jina lake. Hata Dareda, wilayani Babati, penye hospitali na chuo cha uuguzi cha Jimbo Katoliki la Mbulu, mgonjwa huaga nyumbani kwa kusema "nakwenda Dareda", basi. Misheni ya Wabenediktini ya Peramiho, iliyoanzishwa 1898, nayo ilibaki na jina la wenyeji.

Pwani mambo yalikwenda vingine. Mwaka 1875 wamisionari wa CMS, shirika la Kianglikana la Uingereza, walianzisha makazi ya watumwa walioachwa huru ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, wakayaita Freretown, kwa heshima ya Sir Bartle Frere, aliyetumwa Zanzibar mwaka 1873 kushinikiza biashara ya watumwa ikomeshwe. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere naye aliondoka Zanzibar na kundi la walioachwa huru, wakaweka makazi Masasi, na Masasi ikabaki Masasi. Naona tofauti iko katika safari zenyewe: Steere alikuwa akiwarudisha watu upande wa kwao, ilhali wa Freretown, waliotoka makabila mengi, walishushwa ugenini. Lakini hata hapo wakazi hawakungoja kupewa kila jina. Kengele ya misheni iliwapa jina Kengeleni, na makondakta wa matatu wanaliita hadi leo.

Ng'ambo ya Atlantiki, Wajesuti walitazama kalenda: misa ya kwanza ya shule yao nchini Brazili iliadhimishwa tarehe 25 Januari 1554, sikukuu ya kuongoka kwa Mtume Paulo, na mahali pakaitwa São Paulo. Waliambatanisha nalo Piratininga, jina la wenyeji, ambalo baadaye liliachwa.

Waskoti wa Ziwa Nyasa walisafiri na jina lao. Livingstonia ilianza Cape Maclear mwaka 1875, ikahamia Bandawe, kisha Kondowe mwaka 1894. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Mapadre Weupe waliita misheni yao Baudouinville, kwa jina la mwanamfalme wa Ubelgiji. Leo mji huo ni Moba. Livingstonia, iliyoitwa kwa heshima ya mmisionari David Livingstone, aliyefariki kabla misheni haijaanza, haikubadilishwa. Nadhani shule ndiyo iliyoliokoa jina hilo: walimu na makarani waliosoma pale walilibeba kwenye vyeti vyao hadi Rhodesia na Afrika Kusini, likawa lao.