Kingi, Kwini, Jeki: ukikutana na mtu anayepandisha dau kila mara

Leo nawaletea historia, ila inaanzia sebuleni Manyatta, hapa Kisumu, ambako tulikuwa tukicheza poka kila Ijumaa jioni. Sisemi ile poka ya "niko kadi" tuliyocheza sote shuleni. Nasema ile ya dau, ambapo unaweza kushinda kwa karata mbovu mradi wengine waogope.

Jamaa mmoja kati yetu hakuogopa chochote. Karata nzuri, karata mbovu, yeye anapandisha dau tu. Mimi nikawa natupa karata nikingoja nzuri, na kila nikitupa, shilingi nilizokwisha kuweka zinabaki mezani. Nikajaribu kumtisha kwa kupandisha juu yake. Wapi! Mtu asiyetupa karata hatishiki. Mwezi mmoja zikaenda 1,500, na hizo zilikuwa za tokeni za stima. Nikakaa giza siku mbili. Bahati nzuri laptopu ilikuwa na chaji, nikaanza kusoma.

Mwaka 1928 John von Neumann, mwanahisabati kutoka Hungaria, alithibitisha kwamba katika mchezo wa watu wawili ambapo faida ya mmoja ni hasara ya mwenzake, kila mmoja ana namna ya kucheza inayomhakikishia kiwango fulani, hata mpinzani afanye nini. Mwaka 1944 yeye na Oskar Morgenstern walitoa kitabu kikubwa kuhusu michezo, na poka ina nafasi yake humo. Walionyesha kuwa kutishia kwa karata mbovu ni sehemu ya hesabu yenyewe: ukipandisha dau kwa karata nzuri peke yake, wenzako watakujua, na hakuna atakayekulipa.

Lakini aliyenifungua macho ni Harold Kuhn wa Princeton. Mwaka 1950 aliipunguza poka hadi karata tatu: Kingi, Kwini, Jeki. Kila mchezaji anaweka shilingi 1 na kupewa karata moja, ya tatu inafichwa. Wa kwanza anaweza kuongeza shilingi 1. Akiongeza, wa pili alipe 1 waonyeshane, au atupe.

Ukiwa wa pili, Kingi unalipa na Jeki unatupa, hapo hakuna cha kufikiria. Shida ni Kwini. Kuhn anasema ulipe mara moja katika kila mara tatu, bila mpangilio. Hapo mpinzani hana pa kukupata. Ila jibu hilo ni la mpinzani mwenye akili timamu! Jamaa yangu anaongeza hata akiwa na Jeki. Basi chukua michezo 900, yeye akianza na kuongeza kila mara. Ukitupa Kwini zote, unatoka sufuri. Ukifuata Kuhn, unapata kama shilingi 100. Ukilipa kila Kwini, unapata 300. Niliandika programu fupi ya Python kuhakikisha, na majibu yakaangukia hapo hapo.

Mara tatu zaidi, bila kupandisha sauti wala dau.

Sasa tatizo. Jamaa akigundua na kuanza kuongeza akiwa na Kingi peke yake, kila Kwini unayolipa inakula 2 badala ya 1. Watu wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walihangaika na jambo hili miaka mingi. Mwaka 1998 walieleza jinsi programu yao Loki inavyohesabu mwenendo wa kila mpinzani na kujirekebisha. Mwaka 2007 Johanson, Zinkevich na Bowling wakatafuta njia ya kati: umle mpinzani kwa makosa yake, lakini akibadilika usiumie sana.

Mashine zilizopata sifa zilipita njia nyingine. Cepheus ya Alberta, mwaka 2015, na Libratus, iliyowashinda wachezaji wanne wa kulipwa huko Pittsburgh mwaka 2017 katika mikono 120,000, hazikujali sana makosa ya mpinzani. Libratus usiku ilikuwa inaziba matundu yake yenyewe. Kwa bingwa, sawa. Kwa sebule ya Manyatta mimi nawapigia kura wale wa 1998.

Kwa hiyo nilinunua daftari. Kila karata zilipofunuliwa niliandika alikuwa na nini alipopandisha, na nikaanza kulipa kwa karata za katikati ambazo zamani ningetupa. Stima ilirudi kwa pesa zake. Ijumaa ya nne nikaona anaanza kunitazama usoni kabla ya kupandisha, na mara mbili akaacha kabisa. Nikafungua ukurasa mpya.