Nanozaimu

Nanozaimu ni chembe ndogo mno za metali, oksidi za metali au kaboni ambazo huharakisha mitendo ya kikemikali kama vifanyavyo vimeng'enya vya viumbe hai. Kwa kawaida kipenyo chake ni kati ya nanomita 1 na 100. Nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Vimeng'enya vingi ni protini, hivyo huharibika kwa joto au asidi kali. Nanozaimu hustahimili hali hizo na huhifadhika kwa urahisi. Udhaifu wake ni kutochagua: kimeng'enya hutambua dutu yake mahsusi, ilhali chembe hutenda juu ya dutu nyingi. Kuziondolea udhaifu huo ndiyo kazi kuu ya wasanifu wake.

Historia

Jina hili lilianza kutumika mwaka 2004, pale Paolo Scrimin, Lucia Pasquato na wenzao nchini Italia walipovika chembe za dhahabu molekuli zilizobeba zinki. Chembe hizo ziliiga kazi ya kimeng'enya kinachokata RNA, ila dhahabu yenyewe ilikuwa kiunzi tu. Mwaka 2007 kundi la Yan Xiyun, wa Akademia ya Sayansi ya China jijini Beijing, lilionyesha jambo kubwa zaidi: oksidi ya chuma yenye usumaku (Fe₃O₄), iliyodhaniwa kuwa tuli kikemikali, hufanya kazi ya kimeng'enya kiitwacho peroksidesi bila kuongezewa chochote. Mwaka 2022 shirika la kimataifa la kemia, IUPAC, liliziweka nanozaimu kwenye orodha yake ya teknolojia kumi chipukizi.

Utendaji

Peroksidesi hutumia hidrojeni peroksidi kuoksidisha dutu nyingine, na mara nyingi kiini chake ni atomu moja ya chuma iliyoshikwa ndani ya hemu, molekuli yenye umbo la pete. Kwenye chembe ya Fe₃O₄, kazi hiyo hufanywa na atomu za chuma zilizo usoni, ambazo hubadilika kati ya Fe²⁺ na Fe³⁺ kwa kutoa na kupokea elektroni. Maabara huutambua mtendo huo kwa TMB, dutu isiyo na rangi ambayo ikioksidishwa hugeuka buluu.

Usanifu

Kwa kuwa mtendo hufanyika usoni, ukubwa ndio jambo la kwanza kuamuliwa. Kwa uzito uleule, chembe ndogo zina uso mpana zaidi. Katika utafiti wa 2007, zile za nanomita 30 zilitenda kwa nguvu kuliko za nanomita 300. La pili ni mchanganyiko wa hali za chaji za atomu. Oksidi ya seriamu yenye Ce³⁺ nyingi huiga kimeng'enya kinachoondoa radikali za superoksidi. Ce⁴⁺ ikizidi, huelekea zaidi kuvunja hidrojeni peroksidi kama kimeng'enya cha katalesi. La tatu ni mpangilio: atomu mojamoja za chuma hufungwa na naitrojeni ndani ya kaboni, kwa kuiga hemu yenyewe.

Ili chembe ijifunze kuchagua, hufunikwa kwa polima iliyofinyangwa kuzunguka dutu inayolengwa. Dutu hiyo ikiondolewa, hubaki matundu yenye umbo lake. Mwaka 2017 kundi la Juewen Liu nchini Kanada lilitumia njia hii na kuongeza uchaguzi wa chembe takriban mara mia.

Matumizi

Nanozaimu hutumika zaidi katika vipimo vya rangi, vikiwemo vya glukosi. Mwaka 2015 watafiti wa China walieleza kipimo cha ukanda cha kutambua protini ya virusi vya Ebola, ambamo chembe za Fe₃O₄ hunasa protini hiyo, huikusanya kwa sumaku, kisha hutoa rangi inayoonekana kwa macho. Kwa maeneo yasiyo na maabara wala umeme wa uhakika, faida ya kipimo cha namna hiyo ni kubwa.

Mipaka

Tabia ya chembe hutegemea mahali ilipo. Kwenye asidi, Fe₃O₄ hutenda kama peroksidesi na kuzalisha radikali za hidroksili zinazodhuru seli. Pasipo na asidi, huvunja hidrojeni peroksidi kuwa maji na oksijeni, hivyo huilinda seli. Chembe ileile yaweza basi kuwa dawa au sumu. Kwa sababu hiyo, matokeo mazuri kwenye mrija wa maabara hayatoshi kuidhinisha nanozaimu kwa tiba: ni lazima ijulikane itatua sehemu gani ya seli, itakaa kwa muda gani, na mwili utaiondoa vipi.