Jibu Lirudi Mtaani: Mashirika ya Kiraia ya Kolwezi na Mitandao ya Kijamii

Septemba 2023, Amnesty International na IBGDH, shirika la haki za binadamu la hapa Kolwezi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, walitoa ripoti kuhusu watu waliohamishwa ili kupisha migodi ya shaba na kobalti. Walikuwa wamehoji watu zaidi ya 130 kwenye maeneo ya miradi sita, mjini na kandokando yake. Katika Cité Gécamines, mtaa wa watu wapatao 39,000 unaopakana na mgodi wa kampuni ya COMMUS, wakazi walieleza kwamba hawakushirikishwa ipasavyo na kwamba mpango wa kupanua mgodi haukutangazwa kwa upana. Baadhi yao walijua kuwa nyumba zao zimo kwenye mpango huo siku walipokuta ukuta umepakwa msalaba wa rangi nyekundu.

Msalaba huo unastahili kutazamwa kwa makini na kila anayeshughulika na mawasiliano ya mashirika yasiyo ya faida. Ni tangazo lisilo na tarehe wala jina la aliyelitoa, na halina mahali pa kupelekea swali. Nao umepakwa katika mji ambao WhatsApp na Facebook zimeshazoeleka, ambako habari ya ajali barabarani huwafikia ndugu walioko Lubumbashi na Likasi kabla gari halijaondolewa. Kama vyombo vipo, kwa nini habari nzito kuliko zote, ya mtu kupoteza nyumba, inamfikia mwenyewe kwa rangi ya ukutani?

Kampuni na serikali zina lawama zao katika jambo hili, na zimeandikwa kwingine. Makala haya yanahusu upande wa tatu, yaani mashirika ya kiraia yaliyojitwika kazi ya kusema kwa niaba ya wananchi. Hoja yangu ni kwamba shirika la Kolwezi huishirikisha jamii kwa mitandao pale tu linapoitumia kurudisha majibu mtaani, kwa Kiswahili, kwa sauti, kupitia makundi ambayo watu wameyaunda wenyewe. Mengine yote, pamoja na kurasa nzuri zenye wafuasi wengi, ni mawasiliano na watu wa mbali. Yana faida yake, lakini yasihesabiwe kuwa ushirikishwaji.

Utafiti uliorejelewa sana juu ya mashirika yasiyo ya faida na mitandao ya kijamii ni wa Kristen Lovejoy na Gregory Saxton, uliochapishwa mwaka 2012. Walichunguza jinsi mashirika 100 makubwa yasiyo ya faida ya Marekani yalivyotumia Twitter, wakayagawa maandishi yao katika mafungu matatu: kupasha habari, kujenga jumuiya, na kuita watu kutenda. Zaidi ya nusu ya maandishi yaliangukia fungu la kwanza. Mashirika yale yalikuwa na fedha na wataalamu, na wasomaji wake walikuwa na intaneti saa zote, bado yalitumia chombo cha kuzungumziana kama kipaza sauti. Sherry Arnstein alikuwa ameshaonya mwaka 1969, alipochora ngazi ya ushiriki wa wananchi yenye vidato vinane. Kupasha habari alikuweka kidato cha tatu kutoka chini, kwa sababu anayepashwa habari hana njia ya kurudisha neno wala nguvu ya kubadili kilichoamuliwa.

Kolwezi tatizo hilo lina sura yake. Maandishi mengi ya mashirika huwa kwa Kifaransa, yakiambatana na picha za semina, fulana za mradi na bango lenye nembo ya mfadhili. Sioni kosa katika kumwonyesha mfadhili kazi iliyofanyika kwa fedha yake. Lakini mchimbaji wa mtaa wa Kapata au mama anayeosha mawe mtoni hapati chochote hapo cha kujibu, maana hakuandikiwa yeye. Mwishoni mwa 2022 na mwanzoni mwa 2023, mwandishi Siddharth Kara alipotoa kitabu chake juu ya kobalti na kuzungumza katika kipindi cha Joe Rogan, picha za machimbo ya Kolwezi zilizunguka dunia nzima. Mamilioni ya watu walijifunza kulitaja jina la mji wetu. Ulikuwa ushindi wa aina fulani, na siudharau. Hata hivyo, maswali ya mwenyeji ni mengine: fidia italipwa lini, maji ya kisima hiki yamepimwa, orodha ya watakaohamishwa anayo nani? Umaarufu ule haukuyagusa.

Lugha ndiyo hatua ya kwanza ya kugeuza uelekeo. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian, katika kazi zake juu ya Kiswahili cha Katanga, alionyesha jinsi lugha hii ilivyokua pamoja na kambi za wafanyakazi wa Union Minière, kampuni iliyozaliwa mwaka 1906 na ambayo mali zake ndizo baadaye zilizounda Gécamines, kampuni ya madini ya serikali. Wakoloni waliotaka mtu ashike sururu, avae kofia na afike zamu kwa wakati walimsemesha kwa Kiswahili. Basi inakuwaje leo, anapoelezwa haki zake, asemeshwe kwa Kifaransa cha ofisini? Na kiwe Kiswahili cha hapa. Kiswahili sanifu ninachokiandika katika makala haya kinafaa jarida. Kwenye kundi la mtaa kingesikika kama hotuba ya mgeni.

Sauti ndiyo hatua ya pili. Wengi wanaosikiliza simu hawapendi kusoma aya ndefu, na wengine hawajui kusoma. Bei nayo ina neno lake, kwa kuwa watu hapa hununua mega za intaneti za siku moja, mega chache, wakati mwingine kwa kugawana. Ujumbe wa sauti wa dakika moja hula sehemu ndogo tu ya mega moja. Video ya urefu uleule hula mega kadhaa. Umeme nao hukatika, na wengi huchaji simu kwa kulipia. Njia ya umeme wa Inga ilivutwa kiasi cha kilomita 1,700 hadi Kolwezi na kukamilika mwaka 1982 ili kulisha migodi, na hadi leo mashine za mgodini hutangulia kuhudumiwa kabla ya nyumba za watu. Shirika linalotuma video ya dakika kumi na mbili ya uzinduzi wa mradi limemtoza msikilizaji wake bila kumuuliza.

Sasa fikiria ujumbe wa namna hii, wenye dakika moja na nusu, uliosemwa na mtu anayejulikana mtaani kwa sauti yake: "Jambo yenu bamama na bababa. Ni mimi, wa kamati. Jana tulikaa na watu wa kampuni pamoja na shefu wa kartiye. Mlitutuma maswali matatu. La kisima, wamekubali maji yapimwe, na siku ya kupima watu wawili wa mtaa watakuwepo. La barabara ya vumbi, wamesema watamwaga maji asubuhi na jioni kuanzia Jumatatu. Mkiona hawakumwaga, tumeni sauti, mseme siku na saa. La fidia hawakujibu. Tutarudi kuliuliza Alhamisi." Hapo hamna ufundi wowote wa kompyuta. Yamo maswali yaliyotoka kwa watu, majibu yaliyopatikana na lile lililokataliwa, pamoja na kazi waliyokabidhiwa wasikilizaji wenyewe. Kwa ngazi ya Arnstein, tumepanda vidato kadhaa kwa kutumia mega isiyotimia moja.

Mambo ya kusema yapo tele, kwa sababu sheria imeyaweka. Marekebisho ya Sheria ya Madini ya Machi 2018 yanaitaka kampuni inayochimba itenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya jamii zilizo karibu na mgodi, na fedha hizo zisimamiwe na chombo ambamo wawakilishi wa jamii wanakaa. Kampuni yenye mauzo ya dola bilioni 1 inadaiwa dola milioni 3 kila mwaka. Aidha, kampuni hutia saini na jamii daftari la masharti, lile ambalo kila mtu hapa huliita cahier des charges, linalotaja shule, zahanati, visima na barabara zitakazojengwa. Na asilimia 15 ya mrabaha wa madini huenda kwa mamlaka za chini za eneo la mgodi. Mashirika yamefanya semina nyingi juu ya vifungu hivi, tena za maana. Lakini daftari lenyewe mara nyingi hubaki kwenye faili, likijulikana na wale waliolitia saini na wataalamu wachache. Likikatwakatwa kuwa sauti fupi, ahadi moja kila juma, pamoja na picha moja ya kiwanja ambapo zahanati ilipaswa kuwa imesimama, watu wataanza kufuatilia wenyewe. Mkazi anayepita kiwanjani hapo kila siku ni mkaguzi bora kuliko mshauri wa kukodiwa.

Nchi nyingine imetuachia funzo juu ya hilo. Programu ya Ushahidi, iliyoundwa Kenya mapema 2008 wakati wa machafuko ya baada ya uchaguzi, ilikusanya taarifa za wananchi kwa ujumbe mfupi wa simu na mtandao na kuzipanga kwenye ramani. Thamani yake ilitoka kwenye kupanga, kulinganisha na kuthibitisha. Ujumbe mmojammoja usingefanya kazi hiyo. Kundi la WhatsApp lisilo na mtu wa kazi hiyo huzama upesi katika salamu, matangazo ya biashara na minong'ono.

Na minong'ono huku ina uzito wa roho za watu. Tarehe 27 Juni 2019 machimbo yaliporomoka katika eneo la Kamoto Copper Company na kuua wachimbaji wa mikono. Glencore, mwenye hisa nyingi katika kampuni hiyo, ilitaja kwanza vifo 19. Serikali ya jimbo ikataja 36. Baadaye ikasemwa 43. Nyuma ya tofauti ya tarakimu kulikuwa na familia zisizojua kama mtoto wao yumo au hayumo. Saa kama hizo radio trottoir, ile redio ya vijiweni ambayo Kongo nzima inaijua, hujaza pengo lolote. Shirika lililojijengea uaminifu kwa miezi ya ujumbe mdogo wa kweli lingeweza kusema: tumethibitisha haya, haya bado, tutarudi saa kumi. Uaminifu huo hauwezi kuanza kujengwa siku ya msiba.

Hatari za kisheria nazo ni za kweli. Sheria-Amri namba 23/010 ya 13 Machi 2023, yenye Kanuni ya Dijitali, inamwadhibu anayeanzisha au kusambaza habari ya uongo dhidi ya mtu kwa mitandao. Mwandishi Stanis Bujakera alikamatwa Kinshasa Septemba mwaka huohuo akashikiliwa zaidi ya miezi sita, kwa makala ambayo chombo chake hata hakikuichapisha kwa jina lake. Mwanachama wa kamati ya mtaa hana jarida la kimataifa la kumpigania. Kwa hiyo shirika linalowakaribisha watu wazungumze lina wajibu wa kuwalinda: majina ya walalamikaji yasitajwe kundini, namba zao zisionekane na kampuni wala askari, malalamiko mazito yapelekwe faraghani, na kila dai lipite kwa watu wawili kabla ya kusambazwa. Pasipo wakili wa kupigiwa simu, ni afadhali shirika lisianzishe kundi.

Ulinzi mwingine ni wa sura za watoto. Masista wa Bon Pasteur, walioanza kazi Kolwezi mwaka 2012 wakiongozwa na Sista Catherine Mutindi, ambaye alipewa Tuzo ya Opus mwaka 2019, wamejulikana kwa kuwatoa watoto machimboni na kuwarudisha shuleni. Kazi ya namna hiyo huomba picha, na wafadhili huguswa na picha. Lakini mtoto aliyepigwa picha akibeba gunia la mawe akiwa na miaka tisa atakuwa na miaka ishirini siku moja, akitafuta kazi au mchumba katika mji uleule, na picha ingali ipo. Ridhaa ya mzazi mwenye njaa mbele ya mgeni mwenye kamera si ridhaa ya kutosha. Msimamo wangu hapa ni mkali: nyuso za watoto wa machimboni zisiwekwe mtandaoni kabisa, hata na wenye nia njema.

Kuna watakaosema kwamba wengi hawana simu janja, hasa wanawake. Ni kweli, na ndiyo maana mtandao usiachwe peke yake. Sauti ileile ya dakika moja na nusu inaweza kurushwa redioni, kusikilizwa kwa spika ndogo kisimani, kusomwa baada ya ibada ya Jumapili. Radio Okapi, inayotangaza tangu Februari 2002 kwa Kiswahili na lugha nyingine za nchi, imethibitisha jinsi redio inavyofika pasipofika mega. Tena serikali ilipozima intaneti baada ya uchaguzi wa Desemba 2018, kwa karibu siku 20, waliobaki na mawasiliano ni wale waliokuwa na redio, simu za kawaida na mtu wa kutembea. Shirika lijue kwa majina nani atabeba habari kwa miguu siku mtandao ukizimwa.

Wafadhili nao wabadili wanachokihesabu. Leo fomu za ripoti huuliza wafuasi wangapi, picha ngapi, watu wangapi waliofikiwa. Ziulize maswali mangapi yalipokelewa kutoka mtaani, mangapi yalijibiwa, baada ya siku ngapi, na ni uamuzi upi wa kampuni au wa serikali uliobadilika. Tena walipie kazi hiyo: mega, simu ya akiba, na mshahara wa mtu mmoja ambaye kazi yake ya kila siku ni kusikiliza sauti na kuzijibu. Kwa sasa kazi hiyo hutupiwa kijana wa kujitolea asiye na posho, naye akipata kibarua mgodini kundi linakufa.

Kwa mashirika ya Kolwezi, Fungurume na jimbo lote la Lualaba, ombi langu ni hili: chukueni cahier des charges ya kampuni iliyo jirani nanyi, msome ukurasa wa kwanza kwa sauti kwa Kiswahili cha mtaani kwenu, mtume juma hili. Daftari hilo liliwekwa saini kwa jina la wakazi, na wakazi wana haki ya kulisikia.