Gramu 298

Maiki ilikuja na mtu wa boda Jumanne jioni, imefungwa vizuri kuliko zawadi ya harusi. Sanduku lilikuwa na jina la Shure. Ndani kulikuwa na kipochi cheusi, kishikizo, hata karatasi ya maelezo. Nilikuwa nimemtumia muuzaji 4,500 kwa M-Pesa. Nilimpata mtandaoni, ana picha safi na maneno matamu: "Orijino kabisa boss, zimebaki mbili." Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, naishi kwa kuandika na kurekodi watu. Hizo 4,500 zilikuwa nusu ya kodi ya nyumba.

Ili uelewe nilichodhani nimenunua, turudi nyuma kidogo. Sidney Shure alianza biashara Chicago mwaka wa 1925, akiuza vipuri vya redio. Miaka ya 1930 kampuni yake ikaingia kwenye maiki, na mwaka wa 1939 ikatoa Unidyne, ile kubwa yenye mbavu unayoiona kwenye picha za zamani za Elvis. Baadaye mhandisi wao, Ernie Seeler, alifanya kazi miaka mingi akitafuta maiki ndogo isiyovunjika ovyo. Mwaka wa 1966 ikatoka SM58. Herufi SM ni kifupi cha "maiki ya studio", lakini waliopenda zaidi mtoto huyo ni watu wa jukwaani. Haihitaji betri. Ndani kuna utando mwembamba ulioshikamana na koili ya waya karibu na sumaku. Sauti yako ikitikisa utando, koili inacheza na umeme kidogo unazaliwa. Basi.

Umbo lake halijabadilika sana tangu wakati huo, na hapo ndipo shida inapoanzia. Simu hubadilika kila mwaka na mwizi wa muundo hukimbizana nayo. Maiki hii imesimama pale pale karibu miaka 60. Anayetaka kuigiza anatengeneza kalibu moja tu, anakula nayo maisha yake yote.

Mwaka huo huo wa 1966 Kenya ilipitisha Sheria yake ya Hakimiliki. Ilikuja wakati mgumu. Miaka mitatu kabla, Philips walikuwa wameonyesha kaseti kule Berlin, na kaseti ilifanya kitu ambacho santuri haikuweza: mtu yeyote mwenye redio ya kaseti mbili angeweza kunakili muziki akiwa kitandani. Kufika miaka ya 1980, River Road ndiyo ilikuwa moyo wa biashara ya muziki Nairobi, na hatua chache kutoka kwa mwenye haki ya wimbo alikaa mwenye nakala yake.

Mmoja wa hao wenye nakala alikuwa babangu.

Hakuwahi kutuficha. Alianza mapema miaka ya 90, redio nne, kila moja ya kaseti mbili, kwenye chumba kimoja. Alitufundisha kwamba kila ukinakili nakala, ule mvumo wa "shhh" unaongezeka, kwa hiyo fundi mwenye heshima ananakili kutoka kaseti ya kwanza. Heshima! Karo ya dada yangu ilitoka huko. Yangu pia, ile niliyoiacha njiani.

Sasa, kazi niliyonunulia maiki ilikuwa kumrekodi mzee mmoja wa gitaa la benga, jirani ya shangazi yangu huku Kayole. Alirekodi nyimbo chache enzi hizo, akaachana na muziki, akawa fundi wa viatu. Nilimpigia magoti wiki tatu ndipo akakubali. Akakaa, akaimba, akasimulia, saa mbili nzima. Kisha akaomba asikie.

Sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayeongea ndani ya pipa. Nyuma yake, "shhh".

"Kijana wangu," akasema, "hii maiki ulinunua wapi?"

Nikamwambia. Akacheka, lakini hakutaka kurudia. Koo lilikuwa limechoka.

Kesho yake nilienda bucha ya mtaani, nikamwomba jamaa anipimie maiki kwenye mizani yake ya nyama. SM58 halisi ni gramu 298. Yangu ilikuwa 231. Nikafungua shingo yake. Kwenye shina la ile halisi kuna transfoma ndogo iliyozamishwa kwenye gundi; yangu ilikuwa tupu kama mfuko wangu. Tena ilikuwa na swichi ya kuzima, na sanduku limeandikwa SM58 tu. Yenye swichi huitwa SM58S. Muuzaji alikuwa tayari amenifungia.

Kwa hiyo sikia, wewe unayetaka kununua. Kule Marekani maiki hii huuzwa karibu dola 100. Ukipewa kwa theluthi ya bei, usijiulize kama una bahati. Omba picha ya kifaa chenyewe, si ile ya matangazo. Tafuta duka linalotambuliwa na kampuni, lenye risiti na garanti. Lipa ukishaona, ukishapima. Tangu 2008 tuna Sheria ya kupambana na bidhaa ghushi, na kosa la kwanza linaweza kukupeleka jela hadi miaka mitano. Lakini sheria hiyo haikunirudishia saa mbili za yule mzee.

Nilirudi kwake baada ya mwezi, na maiki ya kuazima. Safari hii nilikuwa na jambo la kukiri. Nikamwambia babangu alikuwa nani, na kwamba kuna uwezekano mkubwa nilisomeshwa kwa nyimbo zake.

Akaendelea kushona soli. "Namjua babako. Mimi mwenyewe nilinunua kwake."

"Ulinunua nini?"

"Kaseti yangu. Ya kwangu iliharibika na mvua, na yule aliyenirekodi alishafunga duka. Nilikuwa sina hata moja."

Akainuka, akatoa kwenye kabati kaseti yenye karatasi ya fotokopi, jina lake limekosewa herufi moja. Mwandiko wa baba, naujua. Ndiyo nakala pekee ya nyimbo zake anayoijua duniani.

"Alinilipisha bei kamili," mzee akasema. "Hiyo ndiyo sijamsamehe."

Kisha akachukua gitaa. Nikaiweka maiki karibu na mdomo wake, nikabonyeza kitufe, nikanyamaza.