Kichwa cha Habari Shuleni

Uandishi wa habari kwa Kiswahili ulianza shuleni: Msimulizi, mwaka 1888, huko Kiungani, Unguja, na baadaye Kiongozi katika shule ya serikali ya Tanga, enzi ya Wajerumani. Katika Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, "Habari za Miji" zilipangwa chini ya jina la mji tu. Jina hilo halikumweleza msomaji lililotokea.

Kichwa chenye kitenzi kina tatizo jingine. Mkoa wa Katavi ulipoundwa mwaka 2012, mwanafunzi wa Misunkumilo angepaswa kuandika "Mpanda yawa makao makuu", na aya ya kwanza ianze "Mji wa Mpanda umekuwa…". Sarufi yamfundisha kuwa -a- ni ya wakati usiodhihirika. Gazeti laitumia kwa jambo lililokwisha tukia. Aandikaye "imekuwa" kichwani hakosei sarufi, ila husahihishwa.